Bibi yangu na mpaka wa Tunduma wamezaliwa siku moja

Ile habari ya bibi yangu kwenda Zanzibar, ambayo nimekuwa nikiiahidi kila siku na kuiahirisha kila siku, leo naiandika. Mliozoea kunisoma mnajua kwamba kazi yangu huku mpakani ni habari za malori, foleni na bei ya mahindi. Leo niwieni radhi, nitaandika ya nyumbani kwetu. Ila msidhani ni habari ya keki na picha tu. Ndani yake mna Wajerumani, Waingereza, nzige na kobe. Kaeni mkao wa kula.

Tarehe 1 Julai 2024 bibi yangu mzaa baba alitimiza miaka 80. Tukampeleka Unguja. Yeye hakuwahi kuona bahari maisha yake yote, na babu, Mungu amrehemu, alikufa na deni hilo. Babu alikuwa kibarua wa reli ya TAZARA. Reli ile ilijengwa kuanzia mwaka 1970, na mwaka 1973 ikafika hapa Tunduma ikitokea Dar es Salaam, kabla ya kuendelea mpaka Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kwa jumla. Siku ambayo reli ilifika mpakani, babu alirudi nyumbani akamwambia bibi: "Sasa bahari imekuja mlangoni. Nitakupeleka." Hakumpeleka. Kwanza pesa, kisha watoto, kisha ugonjwa. Unajua mambo yanavyokwenda.

Kwa hiyo wajukuu tulipokaa kikao mwanzoni mwa mwaka 2024 na kukubaliana kwamba mwaka huu bibi anafikisha 80, hoja ilikuwa moja tu. Tulipe deni la babu.

Lakini ngoja kwanza. Nimesema bibi alizaliwa tarehe 1 Julai. Nani kasema?

Ukweli ni kwamba hakuna anayejua bibi alizaliwa lini. Wakati wa ukoloni, kuandikisha mtoto aliyezaliwa lilikuwa jambo la Wazungu na Wahindi. Mwafrika wa kijijini hakusumbuliwa, na wala hakuhesabika. Wazee wetu walihesabu kwa matukio. Mama yake bibi alimwambia hivi: "Wewe ulizaliwa msimu nzige walipokoma, vita vikiwa havijaisha." Basi. Hicho ndicho cheti chake cha kuzaliwa.

Mimi kwa kazi yangu nikakifanyia utafiti cheti hicho. Msicheke, ni cheti kizuri kuliko vingi! Nzige wekundu walitapakaa nchi nyingi za kusini mwa Ikweta kuanzia mwaka 1930 hivi mpaka 1944. Na mazalia yao makubwa yalikuwa jirani zetu kabisa. Moja lilikuwa bonde la Ziwa Rukwa, hapo tu tunapoteremkia kutoka nyanda za juu za Mbozi na Momba. Lingine lilikuwa Mweru wa Ntipa, upande wa Zambia. Mwaka 1949 likaanzishwa shirika la kimataifa la kupambana na nzige wekundu, na makao yake yakawekwa Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala. Vita navyo viliisha 1945. Kwa hiyo nzige walikoma 1944, vita bado. Bibi ni wa 1944. Mama yake hakusoma hata darasa moja, lakini alituachia mwaka kamili.

Siku na mwezi ndivyo vilivyokosekana. Na hapo ndipo tarehe 1 Julai ilipoingia.

Mwaka 2019 bibi alikwenda kwenye ofisi moja, ambayo sitaitaja, kuandikishwa kitambulisho. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Kijana aliyekuwa mezani alikuwa na adabu zake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Tarehe ya kuzaliwa?"

Bibi akamsimulia nzige. Kijana akatabasamu, akasema asiyejua siku yake huandikiwa tarehe moja mwezi wa saba, kwa sababu ni katikati ya mwaka, haimpunji mtu. Akaandika 01/07/1944. Mpaka hapo mambo safi.

"Ulizaliwa wapi, bibi?"

Bibi yangu hajui kudanganya. Akanyoosha kidole dirishani. "Pale."

Pale ni ng'ambo. Pale ni Nakonde, Zambia.

Kijana akaweka kalamu chini.

Jamani, kwa msiofahamu Tunduma, niwaeleze kidogo. Tunduma na Nakonde ni mji mmoja wenye majina mawili. Hakuna mto katikati, hakuna mlima wa kuvuka. Kuna barabara, kuna nguzo za mpaka, kuna maduka yanayotazamana. Wanyamwanga wako upande huu na upande ule, kwa ukoo uleule, majina yaleyale na lugha ileile. Bibi alizaliwa kijiji cha ng'ambo, akaolewa huku mwaka 1963. Siku ya harusi alihama kwa miguu, na anasema hata jasho halikumtoka. Kwake yeye alihama kijiji. Hakujua kwamba amehama nchi.

Sasa mwaka 2019, baada ya miaka 56 ya kulima, kuzaa, kuzika na kupiga kura upande huu, aliulizwa kama yeye ni Mtanzania. Ilichukua miaka minne. Barua ya mwenyekiti wa mtaa, barua ya kanisa, cheti cha ndoa kilicholiwa na mende pembeni, wazee wawili wenye mvi wa kutoa ushahidi. Kitambulisho kikatoka mwaka 2023. Simlaumu yule kijana, alifuata karatasi iliyokuwa mbele yake. Lakini kuna usiku mmoja katika miaka hiyo bibi aliniita akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mume wangu, hivi huo mpaka aliuweka nani? Na aliuweka lini? Maana mimi nilipozaliwa sikuuona."

(Bibi huniita mume wangu, ndiyo utani wetu.)

Nikaona aibu. Mwandishi wa habari niliyezaliwa mpakani, ninayekula kwa habari za mpakani, na sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma. Na nilipopata jibu nilikaa kimya kwa muda mrefu, kwa sababu ya tarehe.

Mpaka wa Tunduma ulizaliwa tarehe 1 Julai.

Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi mkataba ambao vitabu huuita Mkataba wa Heligoland na Zanzibar. Kwa upande wa Ujerumani alisaini Kansela Leo von Caprivi, aliyekuwa ametoka kumrithi Bismarck miezi michache nyuma, pamoja na Dk. Krauel. Kwa upande wa Uingereza walisaini balozi wao Sir Edward Malet na Sir Percy Anderson. Watu wanne. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa Mnyamwanga, kama mnavyoweza kukisia.

Tuliposoma shuleni tulikariri mkataba huu kwa ajili ya mtihani. Wajerumani walipewa kisiwa cha Heligoland, Waingereza wakapata Zanzibar. Kweli. Heligoland ni kisiwa kidogo mno katika Bahari ya Kaskazini, hakifiki hata kilomita 2 za mraba, na Waingereza walikuwa wamekishika tangu vita vya Napoleon. Wajerumani walikitaka kwa ajili ya jeshi lao la majini. Kwa kubadilishana, Ujerumani ikakubali Zanzibar na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Uingereza, na mwaka huohuo wa 1890, chini ya Sultani Ali bin Said, ikawa hivyo. Ukanda wa pwani ya bara uliokuwa wa Sultani ukachukuliwa na Wajerumani kwa fidia ya mark milioni 4.

Hayo tuliyakariri. Ambalo mimi sikukariri, labda kwa sababu halikuwa kwenye mtihani, ni kwamba karatasi hiyohiyo, katika kifungu chake cha kwanza kabisa, ndiyo iliyochora mstari unaopita Tunduma.

Mstari unaelezwa hivi. Unaanza Ziwa Nyasa, kwenye mdomo wa Mto Songwe. Unapanda na mto huo. Mto unapokaribia kabisa ukingo wa bonde la Kongo, mstari unauacha mto na kufuata ukingo wa bonde hilo, hadi longitudo ya nyuzi 32 mashariki. Kutoka hapo unakwenda moja kwa moja hadi Mto Kalambo, ambao wenyewe waliuandika Kilambo, kisha unateremka nao hadi Ziwa Tanganyika. Sisi watu wa Tunduma tuko kwenye kile kipande cha ukingo wa bonde la Kongo.

Maana yake ni nini? Ni kwamba mpaka wetu umegawanywa kwa mvua. Tone linaloangukia upande wa Zambia huelekea Mto Chambeshi, likaenda Bangweulu, likateremka na Luapula, likaingia Mto Kongo na kumwagika Bahari ya Atlantiki. Tone linaloangukia upande wetu huelekea mabonde ya Momba na kuishia Ziwa Rukwa, ambalo halina njia ya kutoka kwenda bahari yoyote. Fikirieni jambo hilo. Kijito ambacho bibi alioga utotoni kinafika baharini. Yeye mwenyewe, kwa miaka 80, hakufika.

Na kwa nini Waingereza waliung'ang'ania upande ule? Kwa sababu ya barabara. Tangu 1881 Waskoti walikuwa wameanza kutengeneza njia kutoka Karonga, Ziwa Nyasa, kwenda Ziwa Tanganyika. Aliyeitolea fedha alikuwa James Stevenson, tajiri wa Glasgow, ndiyo maana ikaitwa Barabara ya Stevenson. Wamisionari na wafanyabiashara wao waliitegemea, na walikuwa wameipigania Karonga na mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeitwa Mlozi tangu 1887. Waziri Mkuu wao, Lord Salisbury, hakutaka Mjerumani aichukue njia hiyo. Mstari ukachorwa ili barabara ibaki kwa Waingereza. Mwaka 1898 wakaja wapimaji wa nchi zote mbili na vyombo vyao, wakaupima mstari na kuusimika ardhini. Mwaka 1901 mataifa hayo yakakubaliana rasmi juu ya vipimo vyao.

Ndivyo ukoo wa bibi ulivyokatwa. Kwa sababu ya barabara ya watu wa Glasgow, wakati wa kugawana kisiwa cha Zanzibar, ili Mjerumani apate kisiwa kingine ambacho hata kwenye ramani hukioni vizuri.

Sasa wadau, tulikuwa tumeshachagua Zanzibar kabla sijayasoma yote haya. Nawaapia. Tulichagua kwa sababu ya babu. Nilipomweleza bibi kwamba kitambulisho chake na mpaka vina tarehe moja ya kuzaliwa, na kwamba karatasi iliyouzaa mpaka ndiyo iliyokitoa kisiwa tunachokwenda, alifikiri sana. Kisha akasema: "Basi twende nikakione nilichobadilishiwa."

Tulikuwa saba. Lakini tulipaswa kuwa wanane.

Wa nane ni bibi mdogo, mdogo wake bibi wa tumbo moja, aliyebaki ng'ambo. Kila wiki huvuka kuja kwetu, au bibi huvuka kwenda kwake. Kuvuka kwenda sokoni ni jambo moja. Kupanda basi hadi Dar es Salaam na boti hadi Unguja ni jambo lingine kabisa, hilo linataka pasipoti. Pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa. Cheti kinataka ushahidi, na ushahidi wa bibi mdogo nao ni wa misimu ya mvua na njaa. Tulianza kuhangaika mwezi wa pili. Hadi Juni mambo yalikuwa bado.

Ijumaa tarehe 28 Juni alfajiri, baridi ya Tunduma ile ya kuuma masikio, bibi mdogo alikuja stendi kutusindikiza. Alileta karanga za kukaanga za kula njiani. Kisha akatoa chupa tupu ya maji ya nusu lita, imeoshwa vizuri, akampa dada yake. "Niletee maji ya bahari. Nataka nionje kama ni kweli yana chumvi."

Basi likaondoka. Bibi aliipakata ile chupa hadi Mbeya bila kusema neno.

Treni ya babu hatukuipanda, kwa sababu siku za treni na siku zetu za likizo hazikupatana. Kwa basi ni zaidi ya kilomita 900. Bibi aliuona Mlima Kitonga akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Mikumi aliwaona tembo akasalimia kama anasalimia watu. Tulifika Dar usiku, tukalala kwa baba mdogo Kimara, Jumamosi akapumzika, Jumapili asubuhi tukaenda bandarini.

Pale bandarini wanaomba kitambulisho. Bibi alikitoa kwenye pindo la kanga alikokifunga fundo, akakikabidhi kwa mikono miwili. Yule dada akakitazama, akamtazama bibi, akasema: "Hee, bibi, kesho ni besdei yako! Hongera." Akamrudishia. Kwisha. Miaka minne ya barua, na kazi yake ikawa sekunde tano. Niliona bibi anavuta pumzi.

Hapa naomba niseme jambo kuhusu vitambulisho na Zanzibar. Bibi alipozaliwa, Zanzibar na Tanganyika zilikuwa chini ya Mwingereza yuleyule, lakini kila moja na serikali yake. Tanganyika ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Zanzibar ikapata tarehe 10 Desemba 1963, yakaja Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, kisha Muungano tarehe 26 Aprili 1964. Miezi michache baadaye, Julai 1964, wakuu wa nchi za Afrika walikutana Cairo wakakubaliana kwamba mipaka iliyoachwa na wakoloni iheshimiwe kama ilivyo. Na tarehe 24 Oktoba 1964 Zambia ikawa huru.

Oneni mwaka mmoja ulivyomfanyia bibi yangu. Mwezi wa nne, kisiwa kilicho mbali naye zaidi ya kilomita 900, ambacho hajawahi kukiona, kikawa nchi yake. Mwezi wa kumi, kijiji alichozaliwa, ambacho akikohoa wanamsikia, kikawa nchi ya kigeni. Yeye alikuwa nyumbani ananyonyesha.

Sisemi kwamba wakuu wale walikosea. Kila mpaka ungefunguliwa, ni vita vingapi vingezuka? Mimi nikiwa mwandishi wa habari naelewa hesabu yao. Nasema tu kwamba hesabu hiyo ililipwa na watu, na baadhi yao tunakula nao ugali.

Boti ilichukua saa mbili hivi. Katikati ya safari, bara limefifia na Unguja haijaonekana, bibi alinivuta shati. "Mpaka uko wapi?"

"Upi, bibi?"

"Wa hapa. Baharini."

Nikamwambia hakuna, hii yote ni Tanzania. Akatazama maji pande zote mbili, akasema: "Wameshindwa kusimika nguzo." Akacheka peke yake.

Jumapili tulitembea Mji Mkongwe polepole kwa mwendo wake. Tulisimama mbele ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake ilianguka Desemba 2020. Tulikwenda Mkunazini, kwenye kanisa lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, soko lililofungwa Juni 1873. Watu waliouzwa pale wengi walitembezwa kutoka nchi za Ziwa Nyasa hadi pwani, kisha wakavushwa. Nje kuna sanamu za watumwa ndani ya shimo, na minyororo shingoni. Bibi aliinama akawatazama usoni mmoja mmoja. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema: "Natazama kama kuna wa kwetu." Sikuwa na la kumjibu.

Jumatatu, tarehe 1 Julai, ndiyo siku yenyewe. Asubuhi tukakodi mashua kwenda Changuu, kisiwa ambacho watalii wanakiita cha gereza. Ni nusu saa hivi. Gereza lilijengwa kweli, miaka ya 1890, katika enzi hizohizo za Waingereza zilizoletwa na karatasi yetu. Lakini halikupata kutumika kama gereza. Likafanywa mahali pa karantini, wasafiri wa merini wakawekwa pale kwanza wasije wakaingiza maradhi mjini. Mnaona? Hata kabla ya kukanyaga mjini, kulikuwa na kisiwa cha kuulizwa unatoka wapi.

Siku hizi wenyeji wa kisiwa ni kobe. Kobe wakubwa, mtoto mdogo angeweza kukaa juu yao. Wa kwanza waliletwa kama zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919. Na migongoni mwao wameandikwa umri kwa rangi! Huyu ana hivi, yule ana hivi, wengine zaidi ya mia.

Bibi alipewa mchicha wa kuwalisha. Akachuchumaa mbele ya mmoja mzee kuliko yeye, akaomba asomewe namba ya mgongoni. Nikamsomea. Akamwambia yule kobe: "Shikamoo." Tukacheka wote, hata mtembezaji. Kisha akaniuliza kobe hao ni wa wapi. Nikamwambia asili yao ni ng'ambo, Shelisheli.

"Na umri wao umeandikwa?"

"Umeandikwa."

"Na hakuna aliyewauliza baba yao alizaliwa wapi?"

"Hakuna, bibi."

Akaendelea kuwalisha. Sisi hatukucheka tena.

Sasa niwaambie kitu kimoja kilichonikaa kichwani pale kisiwani, kisha nimalizie. Katika mkataba ule wa 1890 kuna kifungu kinachohusu watu wa Heligoland. Kisiwa kilipokuwa kinatolewa kwa Wajerumani, Malkia Victoria mwenyewe hakufurahi, alisema watu wale wafikiriwe na wao wanataka nini. Hawakuulizwa, lakini angalau waliandikiwa haki. Kila mzaliwa wa kisiwa kile aliruhusiwa kuchagua kubaki Mwingereza. Alichotakiwa ni kutoa tamko kabla ya tarehe 1 Januari 1892. Wazazi waliweza kuwachagulia watoto wao. Na wazaliwa wale wakasamehewa utumishi wa jeshi la Ujerumani.

Watu kama elfu mbili, kwenye mwamba katikati ya bahari, wakapewa mwaka mmoja na nusu wa kufikiri wanataka kuwa nani.

Katika karatasi hiyohiyo kuna kifungu kingine kinachotuhusu sisi wa kati ya Nyasa na Tanganyika. Nacho pia kinatoa haki. Kinasema mizigo ipite bila kizuizi na bila ushuru wa njia. Mizigo! Watu wa Heligoland walipewa haki ya kuchagua. Huku kwetu iliyopewa haki ilikuwa mizigo. Na vita vya 1914 vilipokuja, wa Heligoland walikuwa na kifungu chao. Wa kwetu walibebeshwa mizigo ya majeshi pande zote mbili za mstari. Novemba 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipita papa hapa, likapigana Fife, ng'ambo tu ya mpaka, likaenda kusalimu amri Abercorn tarehe 25.

Mimi naandika habari za malori kila wiki. Nimeandika mwaka 2019 ulipozinduliwa utaratibu wa kituo kimoja cha forodha, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili, na nikausifia, kwa sababu ni jambo jema. Lakini tangu nisome kile kifungu, nikiona lori la shaba linavuka nakumbuka kwamba mwenye njia hii tangu mwanzo alikuwa ni mzigo.

Jioni ile tulikata keki Forodhani. Bibi alivaa kanga mpya. Nilimuuliza, mbele ya wote, kama anataka twende tukaibadilishe ile tarehe, tumtafutie nyingine isiyo ya mpaka. Akasema hapana. "Tarehe hiyo nimeihangaikia miaka minne. Niachieni. Mpaka ndio utafute tarehe nyingine."

Kabla ya boti ya kurudi aliingia majini mpaka magotini, kanga mkononi, akaijaza chupa ya mdogo wake mwenyewe. Hakutaka kusaidiwa.

Tulifika Tunduma siku mbili baadaye. Bibi hakutaka hata kupumzika. Tukaongozana kwa miguu hadi mpakani, mimi nimeshika karafuu na tende, yeye kashika chupa. Mkaguzi mmoja akauliza ni nini hicho. Bibi akasema: "Mzigo." Wakamruhusu.

Bibi mdogo alikuwa amekaa uani anapeta maharage. Akapokea chupa, akaifungua, akanusa, akanywa funda moja, akatema mbali. "Kumbe kweli!" Wakacheka wale wazee wawili mpaka wakashikana mabega. Kisha bibi akaketi chini kwenye mkeka akaanza kumsimulia, kuanzia Kitonga.

Ombi la pasipoti la bibi mdogo hatujaliacha. Naye anasogelea 80, kwa hesabu za mvua zake.

Nanyi wadau, kama mna mzee nyumbani ambaye tarehe yake ni moja mwezi wa saba au moja mwezi wa kwanza, kaeni naye leo. Muulizeni alizaliwa msimu gani, kulitokea nini, nani alikuwapo, na upande gani wa wapi. Andikeni kwenye daftari. Karatasi za Berlin zimetunzwa vizuri mpaka leo. Za bibi zangu zimo vichwani mwao tu.

Tuonane tena, Mungu akipenda. Wiki ijayo narudi kwenye mahindi.